Mshipa wa Mkono wa Kushoto

Leo asubuhi, Zahor, nimekukosa mara tatu.
Sindano imeingia, damu haikurudi,
nawe ukatazama ukuta, hukusema kitu,
kama mtu anayemstahi mgeni aliyemwaga kahawa.

Miaka thelathini na minne nimeujua mshipa huu
kuliko njia ya kwenda sokoni Seeb.
Umeme ulipokatika, kimbunga kikipiga madirisha,
tochi nimeibana kwa meno, niliupata.
Sasa nina mtoto wa jicho,
mtoto wangu wa uzeeni, kajilalia kwenye mboni,
na miadi ya kumtoa ni mwezi wa tatu.

Hakuna aliyetufundisha kuzeeka.
Mama yako aliambiwa hutafika ishirini.
Nduguyo Harith aling'oka jino, ana miaka saba,
jino likamchukua.
Kwa hiyo hukuweka akiba. Hukununua kiwanja.
Ulinioa mbio mbio kama mtu anayewahi ndege,
na ndege, sijui nani kaiahirisha,
mpaka leo tumekaa, mizigo miguuni, mvi kichwani.

Na sasa maradhi ya wazee yanapiga hodi,
hayajui kwamba nyumba hii ina mwenyewe wa siku nyingi.
Presha. Tezi dume. Mifupa miepesi kama mabua.
Ini lenye kovu la chupa za zamani,
damu ya watu tusiowajua majina;
tuliwaombea dua, na bado tunawaombea.
Magoti nisiyaseme. Unasali kitini,
na kiti kinalia kabla yako.

Jumanne daktari wa moyo akatuchorea kwenye karatasi:
hapa, mshipa umeziba.
Damu inaganda, akasema, tuipe dawa iwe nyepesi.
Ukacheka.
Ukacheka mpaka muuguzi akafungua mlango.
Miaka sitini na sita damu hii imekataa kuganda,
gotini imekataa, kwenye fizi imekataa,
ukijikata wembe shavuni, siku mbili imekataa,
kumbe ilikuwa inangoja ikagande moyoni!

Daktari wa damu, ghorofa ya pili, anasema taratibu.
Daktari wa moyo, ghorofa ya nne, anasema haraka.
Sisi tumo kwenye lifti na faili letu moja.
Nikawaambia, kwa Kiarabu changu chenye lafudhi ya Unguja:
kaeni chumba kimoja, mseme nikisikia.
Wakakaa. Nusu saa nzima.
Kikatoka kidonge kimoja, kidogo, tena kwa muda,
na sindano ya kugandisha, iliyokuwa mara mbili kwa wiki,
sasa siku moja ndiyo, siku moja siyo.

Nimekunja mazulia yote, hata lile la Nizwa.
Nimeweka taa njia ya chooni.
Halwa nimeificha kwenye friji nyuma ya dawa,
maana huko ndiko usikopenda kutazama.
(Nimekuta kijiko, Zahor. Usinione mjinga.)

Lakini mshipa.

Alasiri amekuja Muhannad, wa Rayya wetu,
viatu vya mpira mkononi, mchanga wa Al Khoud miguuni.
Damu ni ile ile yako, ila yeye dawa yake
huchomwa chini ya ngozi, mara moja kwa wiki mbili,
basi, akakimbia.
Magoti yake sijapata kuyaona yamevimba.
Akanawa mpaka viwikoni. Bibi, nionyeshe.
Nikamshika kidole: usitazame, gusa.
Huu mgumu ni ukano, uache.
Huu unaoteleza ni muongo, uache.
Shuka kidogo. Huo unaorudi ukiubonyeza, kama godoro, huo.
Mikono yake ikitetemeka. Yangu pia, juu ya yake.

Damu ikapanda kwenye mrija wa kipepeo,
nyekundu, hata mimi nimeiona.
Nawe, badala ya kumshukuru mtoto,
umesema: mkono mzito huu, kama wa bibi yako
mwaka wa kwanza.